Louis Rwagasore: mwana wa Gitega aliyeuawa barazani mwa hoteli

Hoteli za zamani huwa na maisha ya pili. Jijini Nairobi, jengo la Torr's, lililokuwa hoteli ya fahari tangu mwaka 1928, liligeuzwa kuwa benki. Ng'ambo ya bahari, hoteli ya Plaza ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1907, ilifungwa mwaka 2005 kwa ajili ya matengenezo makubwa, na ilipofunguliwa tena sehemu yake ilikuwa imekwisha kuwa makazi ya kifahari ya watu wenye uwezo. Kuta za nje hubaki, ngazi hung'arishwa, na wanaouza vyumba hivyo husimulia habari za watu mashuhuri waliowahi kulala pale, kula pale na kucheza dansi pale. Historia imekuwa sehemu ya bei.

Burundi nayo ina hoteli yake ya kihistoria, ingawa habari yake si ya kutiwa katika tangazo la biashara. Ni Hoteli Tanganyika, iliyokuwa kando ya ziwa katika mji ambao wakati ule uliitwa Usumbura na leo unaitwa Bujumbura. Hapo, usiku wa Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961, Mwanamfalme Louis Rwagasore, waziri mkuu mwenye umri wa miaka 29, alipigwa risasi akiwa mezani na wenzake. Alikuwa ameshika madaraka kwa siku kumi na tano tu.

Safari iliyomfikisha kwenye meza hiyo ilianzia Gitega. Alizaliwa huko tarehe 10 Januari 1932, mwana wa kwanza wa kiume wa Mwami Mwambutsa wa Nne Bangiricenge na Thérèse Kanyonga. Gitega ya siku hizo ilikuwa mji mchanga. Wajerumani walikuwa wameuanzisha mwaka 1912 kama kituo cha utawala, miaka minne tu kabla ya Wabelgiji kuwafukuza katika Vita Kuu ya Kwanza. Pamoja na serikali hizo mbili za kizungu walikuja askari, wapagazi, makarani na wachuuzi kutoka Ujiji, Tabora na Kongo ya mashariki. Watu hao walizungumza Kiswahili, wengi wao walikuwa Waislamu, na mitaa yao ikaota mizizi Gitega, Usumbura, na upande wa kaskazini-mashariki huko Muyinga, mji unaoelekeana na mpaka wa Tanzania. Walikuwa wachache, na hawakuwa na ukoo wa kutetewa nao katika baraza la mfalme. Lakini soko lilikuwa mikononi mwao, na jambo hilo litakuja kuwa na uzito katika maisha ya mtoto huyu.

Baba yake alikuwa mfalme tangu Desemba 1915, alipokuwa bado mtoto mdogo, na ufalme wake ulikuwa umezingirwa na uangalizi wa wageni. Ndani ya ukoo wa kifalme wenyewe palikuwa na mpasuko wa zamani kati ya Wabezi, wazao wa Mwami Mwezi Gisabo, na Wabatare, tawi jingine la ukoo huo. Mwambutsa na wanawe walikuwa Wabezi. Kiongozi mkuu wa upande wa pili alikuwa chifu Pierre Baranyanka, mtu aliyependwa sana na Wabelgiji. Ni jina la kukumbukwa, kwa maana wanawe wawili watatokea tena mwishoni mwa habari hii.

Rwagasore alisoma shule za wamisionari, kisha mwaka 1945 akapelekwa Astrida, mji wa Rwanda unaoitwa Huye hivi sasa, katika shule iliyowaandaa wana wa machifu kuwa watumishi wa serikali ya kikoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda Ubelgiji, kwenye chuo cha Antwerp kilichofundisha mambo ya utawala wa makoloni. Wakoloni walitegemea kwamba kijana wa namna hiyo angerudi akiwa mpole, akae katika ofisi yake, avae suti nzuri, na siku moja arithi heshima za baba yake bila kuuliza maswali. Alirudi mwaka 1956, na maswali yakaanza mara moja.

Kinachoshangaza ni mahali alipoyaanzia. Hakuanza kwa machifu wala kwa wasomi wenzake wa Astrida. Aliwaendea wafanyabiashara wadogo wa Buyenzi na Bwiza.

Usumbura ulikuwa mji wa mipaka. Wazungu walikuwa na mitaa yao, Waasia yao, na Waafrika walipewa Buyenzi na Bwiza. Biashara ya jumla ilishikwa na makampuni ya Kibelgiji, Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Mchuuzi Mwafrika aliuza chumvi, vitambaa na mafuta ya mawese kwa faida ndogo, akinunua bidhaa zake kwa watu wale wale walioshindana naye, na mlango wa benki haukuwa wake. Mwaka 1957 Rwagasore aliwakusanya wafanyabiashara hao akaanzisha ushirika wao, uliojulikana kwa Kifaransa kama Coopérative des Commerçants du Burundi. Nia ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutimiza: wanunue pamoja, wauze pamoja, na wawe na mtaji usiopita katika mkono wa mgeni.

Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumuunga mkono. Sababu zao zinaeleweka. Walikuwa watu wa mjini, hawakuwa chini ya chifu wa kilimani, na walikuwa wamechoka kuhesabiwa kama wapangaji katika nchi walimozaa na kuzika. Naye mwana wa mfalme alikuja kuzungumza nao habari za bei na mikopo, jambo ambalo hapana mtu wa daraja lake aliyewahi kulifanya.

Ushirika haukudumu kwa nguvu zake za mwanzo. Uliingia madeni, hesabu zake zikavurugika, na serikali ya kikoloni, iliyoutazama kwa jicho baya tangu mwanzo, haikuwa na haraka ya kuuokoa. Ni haki kusema kwamba Rwagasore hakuwa mhasibu hodari. Hata hivyo, alichokipata katika miezi ile kilikuwa na thamani kuliko fedha zilizopotea. Alipata watu waliomfahamu kwa uso, waliosafiri na mizigo yao kutoka soko hadi soko, na walioweza kufikisha neno lake mahali ambapo gazeti halikufika.

Kwa njia hiyo hiyo alifungua dirisha la mashariki. Katika Tanganyika jirani, Julius Nyerere na chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka 1954, walikuwa wakidai uhuru kwa lugha ambayo Buyenzi iliielewa bila mkalimani. Rwagasore akajenga uhusiano wa karibu na Nyerere, na TANU ikawa rafiki wa chama kilichokuwa kikichipuka Burundi. Chama hicho kilikuwa UPRONA, chama cha umoja na maendeleo ya taifa, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandikishwa rasmi mwaka 1960.

Mwaka 1959 baba yake alimpa uchifu wa Butanyerera, upande wa Ngozi, jirani na Muyinga. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo. Walijaliwa mabinti wawili, na wote wawili walifariki wakiwa wachanga. Uchifu, kwa upande wake, haukumfunga mdomo. Alitetea ufalme, lakini ufalme wenye katiba, na aliweka wazi kwamba kiti cha mfalme kingestahili kuungwa mkono kwa kadiri tu kitakavyosimama na ukombozi wa wananchi. Maneno kama hayo kutoka kwa mrithi hayakumfurahisha kila mtu ikulu, na inafahamika kwamba uhusiano wake na baba yake ulipita vipindi vya baridi.

Jambo jingine lililowakosesha usingizi wapinzani wake ni namna alivyowachanganya watu. Novemba 1959 Rwanda iliwaka moto kwa misingi ya Uhutu na Ututsi. Burundi ingeweza kufuata. Katika UPRONA waliketi pamoja Wahutu kama Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, Watutsi, Waganwa wa ukoo wa kifalme, na Waswahili wasioingia katika hesabu hizo hata moja. Mgawanyiko haukuwa umekwisha. Ila kwa muda mfupi ulikuwa umenyimwa nafasi ya kuongoza siasa.

Wabelgiji walitafuta njia ya kumtoa uwanjani. Mwaka 1960, baada ya mazungumzo yaliyofanyika Brussels, jamaa wa karibu wa Mwami walizuiwa kushika nyadhifa za kisiasa. Rwagasore hakuhitaji kutajwa jina ili ijulikane kanuni ile ilimlenga nani. Yeye akajiita mshauri wa chama na kuendelea na kazi. Ndipo tarehe 27 Oktoba 1960 alipowekwa kizuizini Bururi, kusini mwa nchi, hadi tarehe 9 Desemba. Katikati ya tarehe hizo palikuwa na uchaguzi wa madiwani wa komine. Chama cha PDC, kilichoongozwa na Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, wana wa Baranyanka, kilipata viti 942 kati ya 2,876. UPRONA, isiyokuwa na kiongozi wake, ilipata 545. Serikali ya mpito ikaundwa bila UPRONA, na Ntidendereza akawa waziri wa mambo ya ndani.

Wakati huo Umoja wa Mataifa, ambao ndio uliokuwa na dhamana juu ya Ruanda-Urundi, ulikuwa umeanza kuibana Ubelgiji. Kizuizi cha siasa kikaondolewa, na uchaguzi wa bunge ukapangwa mbele ya waangalizi wa umoja huo.

Kampeni za mwaka 1961 ndizo zilizomfanya Rwagasore kuwa Rwagasore wa kumbukumbu. Nchi ya milima haina mkutano mmoja mkubwa. Ina mikutano mia, kila kilima na wake. Mwana wa mfalme akapita, na baada yake wakapita watu wa chama na wafanyabiashara. Tarehe 18 Septemba 1961 wananchi walipiga kura. UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64, na karibu asilimia 80 ya kura. Chini ya mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu kushindwa kule kwa komine, na mwaka huo mtu unamweleza mengi kuhusu kile ambacho kizuizini cha Bururi kilikuwa kimekusudia.

Tarehe 28 Septemba akawa waziri mkuu. Katika hotuba zake baada ya ushindi aliwatuliza walioshindwa, akiwataka wafuasi wake wasilipize kisasi na kuwahakikishia wapinzani kwamba serikali ingekuwa ya wote. Hao wapinzani hawakumwamini, au pengine walimwamini na ndiyo maana wakaharakisha, kwa kuwa mtu anayesamehe baada ya kushinda ni vigumu kumpata kwa siasa.

Hoteli katika mji wa kikoloni haikuwa tu mahali pa kulala. Hapo wakubwa wa serikali walikutana na wafanyabiashara, hapo habari zilipatikana kabla ya kufika ofisini, na hapo meza yenyewe ilionyesha nani ni nani. Kwa waziri mkuu Mwafrika kuketi Hoteli Tanganyika pamoja na mawaziri na marafiki zake, wakila chakula cha jioni penye baraza iliyo wazi kuelekea gizani, kulikuwa ni ishara kwamba nyakati zimegeuka. Watu waliokaa pale usiku ule walikuwa wakijizoeza kuwa wenyeji katika mji wao wenyewe.

Nje, gizani, alikuwako Mgiriki aliyeitwa Jean Kageorgis, akiwa na bunduki. Alifuatana na watu wa PDC, Antoine Nahimana na Jean-Baptiste Ntakiyica. Alifyatua risasi moja. Rwagasore aliinamia meza na kufa papo hapo.

Wauaji walikamatwa baada ya siku chache tu, na uchunguzi ukawafikia Biroli, Ntidendereza na mfanyabiashara Mgiriki Michel Iatrou, mfadhili wa chama chao. Inasemekana waliopanga walitarajia kwamba kifo hicho kingezua fujo kubwa, na fujo ingewarudisha madarakani. Fujo hiyo haikutokea. Nchi ililia, ikamzika waziri mkuu wake juu ya kilima cha Vugizo, na André Muhirwa, mume wa dada yake, akachukua nafasi yake serikalini.

Hapa Gitega inarudi katika simulizi, na haikurudi kwa furaha. Mahakama ya Wabelgiji iliwahukumu washtakiwa kwa viwango mbalimbali, lakini baada ya rufaa ni Kageorgis peke yake aliyebaki na hukumu ya kifo. Aliuawa tarehe 30 Juni 1962, siku ya mwisho kabisa ya utawala wa Ubelgiji. Kesho yake Burundi ikawa huru. Warundi wengi waliona kwamba aliyeshika bunduki ameadhibiwa na walioitafuta bunduki wameachwa. Mahakama Kuu ya nchi huru ikaifungua kesi upya na kuwahukumu watano kifo: Biroli, Ntidendereza, Nahimana, Ntakiyica na Iatrou. Walinyongwa hadharani mjini Gitega tarehe 15 Januari 1963, mbele ya maelfu ya watu. Mji alikozaliwa Rwagasore, siku tano baada ya ile ambayo angetimiza miaka 31, ndio ulioshuhudia kamba. Biroli alikuwa miongoni mwa Warundi wa kwanza kusoma chuo kikuu. Ni hasara ya watu wawili wenye elimu katika ugomvi mmoja, na nchi changa haikuwa na akiba ya watu wa namna hiyo.

Swali la mkono wa Ubelgiji halikunyongwa pamoja nao. Roberto Régnier, aliyekuwa mwakilishi wa Ubelgiji Burundi katika miezi ile, alitajwa katika ushahidi kuwa alizungumzia kuuawa kwa Rwagasore mbele ya maofisa wengine muda mfupi baada ya uchaguzi. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliinyooshea Ubelgiji kidole waziwazi, na mwaka 2021 mtafiti Mbelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu kizima juu ya mauaji hayo, akichimba katika kumbukumbu za nchi yake mwenyewe.

Kilichofuata kwa wale waliomzunguka kinauma kukihesabu. Pierre Ngendandumwe, Mhutu aliyekuja kuwa waziri mkuu, alipigwa risasi Bujumbura tarehe 15 Januari 1965, miaka miwili kamili tangu vifo vya Gitega. Paul Mirerekano aliuawa mwaka huo huo. Mwambutsa aliondoka nchini na hakurudi. Alifariki Uswisi mwaka 1977. Mwanawe mwingine, Charles Ndizeye, aliyetawala kwa miezi michache kwa jina la Ntare wa Tano kabla ya Michel Micombero kuufuta ufalme Novemba 1966, alirudi nyumbani mwaka 1972 akakamatwa, na tarehe 29 Aprili mwaka huo akauawa. Aliuawa Gitega. Siku hiyo hiyo nchi iliingia katika umwagaji damu ambao makovu yake hayahitaji kuelezwa kwa Mrundi yeyote. Umoja ule wa mwaka 1961, uliowaketisha Wahutu, Watutsi, Waganwa na Waswahili kwenye mkeka mmoja, ulikuwa umepoteza karibu kila mtu aliyejua namna ya kuushona.

Nyerere, rafiki wa siku za Buyenzi, hakuuona uhuru wa Tanganyika akiwa pamoja naye. Ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, chini ya miezi miwili baada ya risasi ya hotelini. Lakini Burundi haikumtoka mkononi. Miaka ya 1990 ilipowaka tena, yeye ndiye aliyesuluhisha pande zinazopigana kule Arusha, na kazi hiyo ilikuwa bado haijamalizika alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, siku moja baada ya kumbukumbu ya Rwagasore. Makubaliano yalitiwa saini Agosti mwaka uliofuata.

Jina la mwana wa mfalme limebaki kwenye barabara na kwenye hospitali jijini Bujumbura, na tarehe 13 Oktoba ni siku ya mapumziko nchi nzima. Kila mwaka viongozi hupanda Vugizo na mashada ya maua. Kutoka kaburini mtu anauona mji wote umetandikwa chini, Buyenzi na paa zake zilizobanana, kisha ukingo wa ziwa ambako ilikuwako baraza ile.